Wati Si Kipimo cha Mwanga

Mtu aendapo dukani kununua balbu, aghalabu swali lake la kwanza huwa, "Ni ya wati ngapi?" Muuzaji humjibu, naye huondoka akiamini kwamba ametajiwa kiasi cha mwanga atakachokipata. Hakutajiwa. Wati haipimi mwanga; hupima kasi ambayo taa hutumia nishati ya umeme. Kwa lugha ya nyumbani, wati hutueleza taa inakula kiasi gani, ilhali mwanga inaoutoa hupimwa kwa lumeni. Hakuna mwajiri anayemkadiria mfanyakazi kwa wingi wa ugali aulao badala ya kazi aifanyayo. Mbona basi tuzikadirie taa kwa namna hiyo?

Mazoea haya yana chanzo chake. Kwa miaka mingi balbu nyingi za nyumbani zilikuwa za namna moja: uzi mwembamba wa tungsteni uliopashwa joto hadi ukang'aa. Maadamu zote zilifanya kazi kwa njia moja, yenye wati nyingi ilitoa mwanga mwingi, na watu wakazoea kutaja kimoja wakimaanisha kingine. Wanafunzi wa fasihi wanaijua mbinu hii kwa jina la taashira. Haikuwa na madhara makubwa wakati huo. Leo ina madhara, kwa kuwa taa zinazojulikana kwa herufi LED zimeukata uhusiano uliokuwapo kati ya ulaji na utoaji.

Ili kuliona jambo hili waziwazi, na tutazame mahali ambapo umeme huhifadhiwa kama maji ya mtungi safarini. Huko Marekani, watu wengi waendapo likizo hukokota nyuma ya magari yao trela za kulala, yaani vijumba vyenye vitanda, jiko na taa. Trela ikiegeshwa msituni, mbali na nyaya za umeme, taa zake hutegemea betri ya volti 12. Katika trela za zamani, balbu moja ya uzi huweza kula wati 18 na kutoa takribani lumeni 250.

Tufanye hesabu. Tuseme trela ina balbu sita za aina hiyo. Zikiwaka pamoja zitakula wati 108. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 9. Zikiwaka kwa saa nne kila usiku, betri itapungukiwa na ampea-saa 36. Betri ya kawaida ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100 haifai kutumiwa kupita nusu, la sivyo maisha yake yatafupika. Kwa hiyo mwenyewe ana ampea-saa 50 tu za kutumia. Usiku wa pili hautakwisha kabla hajaumaliza mgawo huo.

Sasa aondoe balbu hizo na kuweka za LED zenye mwanga uo huo, kila moja ikila wati 3. Sita zitakula wati 18, yaani ampea moja na nusu. Kwa saa nne zitamaliza ampea-saa 6. Betri ile ile, isiyoongezwa chochote, sasa itamulika kwa usiku nane. Mwanga haukupungua, kilichopungua ni ulaji. Mnunuzi aliyezoea kuuliza wati pekee angeiona balbu ya wati 3, akaidharau na kuirudisha rafuni.

Siri ya tofauti hiyo ni nini? Katika balbu ya uzi, zaidi ya asilimia 90 ya nishati hupotea kama joto, na ndiyo sababu balbu hizo huunguza vidole. LED haihitaji kuunguzwa ili ing'ae. Ni diodi, yaani tabaka mbili za semikonda, na elektroni zinapovuka mpaka wa tabaka hizo hutoa mwanga moja kwa moja. Nick Holonyak alionyesha diodi ya mwanga mwekundu mwaka wa 1962. Mwanga wa buluu ulisumbua zaidi, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walituzwa Nobel ya fizikia mwaka wa 2014 kwa kuufanikisha. Bila buluu tusingekuwa na taa nyeupe tuzijuazo: nyingi ni diodi za buluu zilizofunikwa kwa dutu maalumu inayogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa manjano, na macho yetu huona mchanganyiko huo kuwa mweupe.

Hata hivyo, kubadilisha balbu kunahitaji uangalifu. Diodi hupitisha umeme upande mmoja tu, hivyo balbu nyingine zikikataa kuwaka huhitaji kugeuzwa tu, si kutupwa. Tena, betri iitwayo ya volti 12 hupanda hadi kupita volti 14 inapochajiwa, na LED duni isiyo na kidhibiti huungua upesi. Isitoshe, kuna mtego mwingine wa maneno. Mwanga wa manjano huitwa wa joto, nao una kelvini 2700 hadi 3000. Mweupe wa kubuluu huitwa baridi, nao una 5000 na zaidi. Kilicho "baridi" kina kelvini nyingi zaidi, kwani kitu kikizidi kupashwa joto mng'ao wake huuacha wekundu na kuelekea buluu.

Huenda msomaji akauliza, trela za Wamarekani zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu betri ya volti 12 ndiyo pia inayochajiwa kwa sola katika nyumba nyingi za Kenya zisizo na nyaya za umeme. Tofauti ni kwamba mwenye trela yuko likizoni, naye akiishiwa na umeme atalala mapema. Mwanafunzi wa kidato cha nne taa ikimzimikia saa mbili usiku, hufunga kitabu, au hurudia koroboi na moshi wake. Kwake yeye, kutofautisha ulaji na utoaji ni saa za kusoma.

Hapa ndipo mwalimu anapohitajika. Katika mazungumzo yetu neno "nguvu" hubebeshwa dhana tatu ambazo fizikia huzitenga: kani, nishati, na kasi ya kutumia nishati. Mwanafunzi huzitenga kwa Kiingereza darasani, kisha huzichanganya tena kwa Kiswahili dukani. Ufumbuzi si mgumu. Mwalimu na awaombe wanafunzi walete pakiti tupu za balbu, wasome lumeni na wati zilizoandikwa, kisha wagawanye ya kwanza kwa ya pili. Balbu ya wati 60 ya zamani itawapa lumeni 13 hivi kwa kila wati. Ya LED aghalabu itawapa 80 au zaidi.

Baada ya somo hilo, swali la dukani litabadilika. Atakayetumwa kununua balbu atauliza kwanza, "Inatoa lumeni ngapi?" na ndipo atauliza inakula wati ngapi.