Uzamili wa Uhandisi wa Vifaa Tiba: Mradi Uanzie Wodini, Karagwe na Kyerwa

Mashine ya kuzalisha oksijeni huvuta hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni takribani asilimia 21, na kuisukuma kwa mgandamizo katika punje za madini yaitwayo zeolaiti. Punje hizo hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Shirika la Afya Duniani linataka oksijeni inayotoka isipungue asilimia 82. Punje zikiingiwa na unyevu, au chujio likizibwa na vumbi, kiwango hicho hushuka, ilhali mashine huendelea kunguruma na mapovu kuonekana katika chupa ya maji kama kawaida. Ikiwa king'ora cha mashine kimekufa na wodi haina kipimo cha oksijeni, muuguzi wa zamu hana namna ya kujua kwamba mtoto mchanga aliye mbele yake anapewa hewa isiyotofautiana sana na ile ya dirishani.

Nani atalitambua kosa hilo, na lini? Swali hili huwa zito zaidi kadiri mtu anavyosogea mbali na miji mikubwa. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, ziko pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, mpakani na Rwanda na Uganda. Wananchi wake hutegemea zahanati, vituo vya afya na hospitali kama Nyakahanga ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, upande wa Karagwe, na Isingiro ya Kanisa Katoliki, upande wa Kyerwa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko Mwanza, upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Mahali kama hapa, kifaa kikiharibika, gharama ya kumngoja fundi kutoka mbali hulipwa na mgonjwa.

Ndiyo maana kijana wa wilaya hizi anayewaza kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa kibiolojia, ambao hospitalini hujulikana zaidi kama uhandisi wa vifaa tiba, anastahili kushauriwa vema. Uzamili wa aina hii una njia mbili. Ya kwanza ni ya utafiti, ambayo mwisho wake ni tasnifu na mara nyingi huelekea kwenye uzamivu. Ya pili ni ya kitaalamu: masomo ya darasani, mazoezi ya kazini, na mradi unaotatua tatizo halisi la mwajiri au la jamii. Makala haya yanahusu njia ya pili.

Je, shahada hiyo ni ya lazima ili vifaa vitengenezwe? Robert Malkin, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, na mwenzake Allison Keane walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa vifaa 2,529 vilivyokuwa vimeacha kufanya kazi katika hospitali 60 za nchi 11 zenye uhaba wa rasilimali. Vifaa 1,821, yaani asilimia 72, vilirudishwa kazini bila kipuri chochote kuagizwa kutoka nje. Robo ya matengenezo yaliyoandikwa kwa ukamilifu haikuhitaji zaidi ya kukifunga kifaa ipasavyo au kumfundisha mtumiaji. Mengine mengi yalihusu umeme, mabomba na mitambo ya kawaida. Hizo ni kazi za fundi sanifu wa vifaa tiba, na vyuo vyetu, kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha, vinawaandaa mafundi wa namna hiyo.

Matokeo hayo hayaupunguzii uzamili thamani. Yanauonyesha mahali pake. Anayeondoka Kayanga au Nkwenda kwenda kusoma asitarajie kurudi akiwa fundi mwenye cheti kirefu zaidi. Kazi yake ni ile ambayo fundi hana mamlaka wala nafasi ya kuifanya. Kwanza, kuandika sifa za kifaa kabla hakijanunuliwa au kupokewa kama msaada, ili wilaya isipokee mashine ambayo vipuri vyake havipatikani popote nchini. Pili, kuutazama umeme kuwa sehemu ya tiba. Kagera kwa miaka mingi ilipokea umeme kutoka Uganda kupitia njia ya kilovolti 132 ya Masaka hadi Kyaka, na kila mhudumu anajua kukatika na kurudi kwa umeme kunavyoviumiza vifaa. Mashine ya oksijeni ya lita tano kwa dakika hutumia takribani wati 350. Hesabu ya betri, paneli za jua na kidhibiti volteji ni hesabu ya uhai. Tatu, kuweka daftari la vifaa na ratiba ya matunzo inayofuatwa hata yeye akiwa safarini. Nne, kubuni.

Kuhusu ubunifu, mfano uko jirani. Mbarara, Uganda, si mbali na mpaka wa Murongo. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha mji huo, daktari wa watoto Data Santorino alishirikiana na mhandisi Kevin Cedrone kutengeneza kifaa kinachounganishwa na mfuko wa kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua. Humwarifu mhudumu papo hapo kama hewa inavuja au njia ya hewa imeziba. Wazo hilo lilitokana na shida ya mikono ya wahudumu, nao uhandisi ukaifuata shida hiyo.

Mwenye nia na achague chuo kwa jicho hilo. Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, ni mwenyeji wa kituo cha umahiri cha Jumuiya ya Afrika Mashariki katika uhandisi wa vifaa tiba na afya mtandao. Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, ina skuli ya sayansi za uhai na uhandisi wa kibiolojia. Akienda nje ya nchi, ahakikishe mapema kwamba shahada yake itatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kabla ya kuomba nafasi, akae na wauguzi wa wodi ya wazazi, fundi na Mganga Mkuu wa Wilaya, waandike pamoja tatizo litakalokuwa mradi wake.

Mwajiri naye ana deni. Kumruhusu mtaalamu pekee aondoke bila kuandaa wa kushika nafasi yake ni kuziacha mashine yatima. Na kumpokea arudipo bila karakana, bajeti ya vipuri wala kiti katika kamati ya manunuzi ni kumfukuza kwa upole aende mjini. Elimu hiyo ikipangwa na pande zote mbili, mashine itakayonguruma usiku wodini itakuwa na mtu aliyekwisha kupima kinachotoka ndani yake.