Zege, Nuru na Nyumba Zisizobomolewa

Usanifu wa kisasa wa majengo nchini Ufaransa ulianzia kwenye zege. Auguste Perret, aliyekulia katika familia ya wakandarasi, alijenga fleti za Rue Franklin jijini Paris kati ya 1903 na 1904 kwa kiunzi cha zege lenye nondo. Uzito ulibebwa na nguzo, kwa hiyo madirisha yaliweza kupanuliwa bila kuhofia ukuta. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikabidhiwa mji wa Le Havre, uliosambaratishwa kwa mabomu mwaka 1944, aujenge upya.

Le Corbusier, Mswisi aliyechukua uraia wa Ufaransa mwaka 1930, alifanya kazi kwa Perret ujanani. Villa Savoye, iliyokamilika mwaka 1931 huko Poissy, imeinuliwa juu ya nguzo nyembamba na ina bustani darini. Jengo lake la Marseille, la mwaka 1952, lina fleti 337, maduka katikati na chekechea juu. Walioiga jengo hilo pembezoni mwa miji mara nyingi walichukua ghorofa tu, wakaacha maduka na chekechea. Lawama za maghorofa hayo zikamwangukia yeye.

Msanifu Jean Nouvel, kwa upande wake, alivutiwa zaidi na mwanga. Ukuta wa kusini wa Institut du Monde Arabe, Paris, uliokamilika mwaka 1987, una matundu ya chuma yanayofunguka na kujifumba kama jicho la kamera, kwa kufuata mashrabiya, yaani vimia vya madirisha ya Kiarabu. Mitambo yake ilikuwa ikikwama. Katika makumbusho ya Louvre Abu Dhabi, yaliyofunguliwa mwaka 2017, hakuna kinachozunguka: kuba lenye upana wa mita 180 na tabaka nane huchuja jua kali la Ghuba kama makuti.

Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, washindi wa tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka 2021, wamekwenda njia nyingine kabisa. Walipoombwa mwaka 1996 kupendezesha uwanja mmoja wa Bordeaux, walishauri usiguswe, utunzwe tu. Katika mtaa wa Grand Parc, mjini humo humo, wao na wenzao walikuta maghorofa matatu ya miaka ya 1960 yenye fleti 530. Badala ya kuyabomoa, waliongeza nje ya kila fleti baraza pana la vioo, na wapangaji wakaendelea kuishi humo kazi ikiendelea.