Je, Wajua? Kima Aliyeacha Moyo Mtini

JE, WAJUA kwamba hadithi ya kima aliyemhadaa papa, maarufu Unguja, ina ndugu zake India, Uarabuni na Korea?

JE, WAJUA kwamba asili yake ni India? Imo katika Jataka, mkusanyiko wa hadithi 547 za maisha ya awali ya Buddha. Katika hadithi ya 208, mke wa mamba anatamani moyo wa kima. Mume anamlaghai kima, anambeba mgongoni kuvuka mto Ganges, na wakifika katikati anaanza kumzamisha. Kima hapigi kelele. Anamwambia mamba kwamba kima hurukaruka matawini, hivyo moyo ukikaa kifuani utapasuka vipande vipande; ndiyo maana huuacha mtini.

JE, WAJUA kwamba hata mti umesafiri na hadithi? Katika Jataka, kima anaonyesha mti wa jamii ya mkuyu. Katika masimulizi ya Kiarabu ni mtini, na Unguja ni mkuyu: yote ni jamii moja. Makuyu huota kwa vichala vyekundu kwenye shina na matawi yenyewe. Ukiyaona kwa mbali, huwezi kumlaumu mamba kwa kuamini kwamba ni mioyo imetundikwa.

JE, WAJUA ilivyofika kwa Waarabu? Ilikuwamo pia katika Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti. Katika karne ya 6 tabibu Burzoy alikitafsiri kwa Kiajemi cha Kati, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo mamba amegeuka kobe.

JE, WAJUA kwamba huko Korea kima ni sungura, anayemjia ni kasa, na kinachotakiwa ni ini la kumtibu mfalme wa bahari? Kisa hicho huimbwa hadi leo katika sanaa ya pansori.

JE, WAJUA kwamba Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliichapisha hadithi ya Unguja kwa Kiswahili mjini London mwaka 1870? Mwaka 1901 George Bateman akaitoa kwa Kiingereza mjini Chicago, ikiwa na michoro ya Walter Bobbett.

JE, WAJUA kwamba mchoraji Paul Galdone, mzaliwa wa Budapest mwaka 1907, aliitolea watoto wa Marekani kitabu cha picha cha kima na mamba mwaka 1969?

JE, WAJUA kwamba masimulizi ya Unguja hayaishii kima anapoukwea mkuyu? Papa anamsihi ateremke waendelee na safari. Kima anamjibu kwa kisa cha punda wa dobi: punda aliyeponyoka makucha ya simba, kisha akabembelezwa na sungura, akarudi, akaliwa. Simba alipouliza moyo na masikio yako wapi, sungura, aliyekwisha kuvila, akasema punda huyo hakuwa navyo kamwe. Angekuwa navyo, asingerudi.

Basi, mzazi na mwalimu, msimulie mtoto kisa chote, pamoja na punda wake. Werevu ulimtoa kima baharini mara moja. Kukumbuka yaliyompata ndiko kulikomzuia asirudi. Mtoto anayahitaji yote mawili.