Falsafa ya ufundishaji ni nini, na kwa nini mwalimu tarajali aijue kabla ya kushika chaki?

"Kwa nini unataka kuwa mwalimu?"

Swali linaonekana jepesi, lakini limewatoa jasho wengi. Majibu ya haraka yanajulikana: napenda watoto, ualimu ni wito, au ukweli wenyewe, maksi zilinipeleka huko. Hakuna ubaya. Ila hakuna jibu hata moja kati ya hayo linalosema mtu huyo atafundisha vipi.

Hapo ndipo inapoingia falsafa ya ufundishaji. Kwa lugha nyepesi, ni maelezo mafupi ya kile mwalimu anachoamini kuhusu mtoto, kuhusu kujifunza na kuhusu kazi yake mwenyewe, pamoja na jinsi imani hiyo itakavyoonekana darasani.

Siku hizi jambo hili lina uzito zaidi. Miaka ya nyuma, mhitimu wa ualimu aliomba kazi serikalini kisha akasubiri kupangiwa kituo. Mwanzoni mwa 2025 walimu walianza kuitwa kwenye usaili chini ya Sekretarieti ya Ajira. Cheti peke yake hakitoshi, mtu lazima ajieleze.

Kila shule ina falsafa yake

Tanga ni mahali pazuri pa kulielewa hili. Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini humo mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikiwa miongoni mwa za kwanza katika koloni lao. Shabaha ilikuwa wazi: kupata makarani, wakalimani na walimu wa kuutumikia utawala. Mwanafunzi bora hapo ni yule anayetii na kuandika vizuri.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akipinga elimu ya namna hiyo. Alitaka shule imjenge mtu mwenye akili ya kudadisi, anayejiamini na anayejua kazi za jamii yake.

Kwa hiyo hakuna darasa lisilo na falsafa. Mwalimu asipoiandika yake, atafundisha kama alivyofundishwa, mazuri na mabaya yote.

Maswali matatu ya kuanzia

1. Mtoto anakuja darasani na nini?

Mtoto wa Pangani anajua bamvu na maji mafu kabla hajafungua kitabu. Anajua siku ambazo bahari hujaa sana na siku ambazo haisogei mbali. Mwalimu anayeamini kwamba mtoto si debe tupu ataanzia hapo, kisha aeleze kwamba bamvu huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa sababu jua, mwezi na dunia vimekaa karibu mstari mmoja.

Kule Mkinga, familia inayolima mwani inajua jinsi uzito unavyopungua mwani ukianikwa. Hilo tayari ni somo la asilimia. Akipangiwa Lushoto, mwalimu huyohuyo aanze upya: mtoto wa milimani hana habari za bamvu, ila anajua mvua inavyobeba udongo wa shamba la mteremkoni.

2. Mtoto akikosea, nini kinafuata?

Hapa falsafa nyingi huvunjika. Karatasini mtu anaandika "upendo na uvumilivu", ila wiki ya kwanza tu kashika fimbo. Na wengi wanaoshika fimbo hawajui kanuni. Kanuni za mwaka 2002 zinataka adhabu ya viboko itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kitabuni. Kumchapa mtoto kwa sababu kakosa hesabu ni jambo jingine kabisa. Mtoto akichapwa kwa jibu baya hujifunza kunyamaza, na mtoto akinyamaza mwalimu hajui tena wapi hajaelewa.

3. Nani anaachwa nyuma?

Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini yapo madarasa yanayozidi hapo sana. Darasa likiwa na watoto 80, ni rahisi kufundisha kumi wa mbele wanaonyoosha mikono. Sekondari kuna mtihani mwingine: mtoto aliyesoma miaka yote kwa Kiswahili anakutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Akikaa kimya, inawezekana jibu analo ila lugha ndiyo hana.

Inaandikwaje?

Ukurasa mmoja unatosha. Kila sentensi ya "naamini" ifuatwe na sentensi ya "kwa hiyo nitafanya". Mfano: naamini kila mtoto anaweza kuelewa akipewa muda, kwa hiyo kabla ya kipindi kuisha nitawauliza watano wa nyuma ambao hawajasema kitu.

Sentensi ya namna hiyo inapimika. Mwalimu tarajali wa Chuo cha Ualimu Korogwe au chuo kingine chochote anaweza kuijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha. Aiweke kando ya andalio la somo, na jioni ajiulize kwa ukweli: leo nimefanya au sijafanya?

Huenda akagundua watano ni wengi mno kwa dakika alizonazo. Basi aandike wawili. Kubadilisha falsafa baada ya kuingia darasani si kushindwa. Tatizo ni kuiacha kwenye faili, halafu miaka kumi baadaye mtoto wa dawati la mwisho amalize shule bila kuulizwa swali hata moja.