Kilebu wa Maonyesho Afunzwe Meza Kwanza

Chihuahua, Pomeranian, Maltese na Papillon wanapoingia kwenye maonyesho ya mbwa, hukaguliwa kwa utaratibu ambao mbwa wengi wakubwa hawaupitii. Mbwa mkubwa hukaguliwa akiwa amesimama chini. Mdogo huinuliwa na kuwekwa mezani, kisha mtu asiyemjua humsogelea, humfunua midomo atazame meno, humpapasa mabega, mbavu na magoti, na akiwa dume huangaliwa kama korodani zote mbili zimeshuka. Kilebu akijikunyata, akitetemeka au akitaka kuuma, mwamuzi hawezi kulipima umbo lake, hata awe mzuri namna gani.

Ndiyo maana nawasihi wanaoanza wabadili mpangilio wao. Wengi huanza na kamba na mwendo, kwa kuwa hayo ndiyo mtazamaji huyaona kutoka kwenye viti. Kwa mbwa mdogo, kazi ya kwanza ni kumzoesha mikono ya watu.

Kazi hiyo ina msimu wake. Watafiti wa Marekani John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu walichokitoa mwaka 1965, walieleza kwamba kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12 kilebu hupokea watu na mambo mapya kwa wepesi ambao baadaye hupungua. Udongo uwahi ungali maji. Wafugaji wengi wa mbwa wadogo hukaa na vilebu hadi wiki 12 kwa sababu ya udogo wao, kwa hiyo sehemu kubwa ya msimu huo humalizikia mikononi mwa mfugaji. Unapokwenda kununua, usiulize ukoo na bei tu. Uliza kilebu ameshikwa na watu wangapi, na kama amewahi kusimamishwa juu ya meza.

Chanjo nazo kwa kawaida hurudiwa hadi kilebu afikishe kama wiki 16, na kabla ya hapo ugonjwa wa parvo unaweza kumuua. Usimfungie ndani kwa hofu hiyo, wala usimshushe chini mahali wanapopita mbwa usiowajua. Mbebe. Akiwa kifuani mwako ataona magari, ataisikia sokoni mizani ikigongwa, na ataguswa na mzee mwenye ndevu, mama aliyejitanda khanga na kijana mwenye miwani.

Nyumbani, chagua meza imara na uitandike mpira usioteleza. Mkono wako usimwachie hata kidogo, kwa maana mifupa ya miguu ya mbele ya mbwa hawa ni myembamba na kuruka mara moja kunaweza kuivunja. Msimamishe kwa sekunde chache, mpe kipande kidogo cha kuku wa kuchemsha, mshushe kabla hajachoka. Siku zinavyokwenda, pitisha mkono mgongoni, shika kila mguu, inua mdomo. Akishatulia kwako, mwite jirani afanye vivyo hivyo, kisha mgeni.

Meno yanataka uangalifu wa peke yake. Kilebu ana meno 28 ya utoto, na mbwa mzima ana 42. Mabadiliko hayo hutokea kati ya mwezi wa 4 na wa 7 hivi, wakati uleule ambao mwenye mbwa ameshikilia mazoezi. Fizi zinauma. Ukiyalazimisha mataya yafunguke, kilebu atajifunza kwamba mkono unaokuja usoni huleta maumivu, na somo hilo hulisahau kwa shida. Inua mdomo tu, tazama, mpe chakula. Ukiona jino la kudumu limechomoza na la utoto bado liko pembeni yake, jambo la kawaida kwa mbwa wadogo, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Usimnyime chakula ili awe na hamu ya mazoezi. Sukari ya damu ya kilebu mdogo hushuka upesi akikosa mlo. Akilegea, akitetemeka au akiyumba, mpake asali kidogo kwenye fizi na umwahishe kwa daktari.

Kamba ifuate baada ya hapo, nayo iwe nyepesi. Koo la mbwa wadogo ni dhaifu na baadhi yao hupata ugonjwa wa kusinyaa kwa bomba la hewa, kwa hiyo desturi ya kumvuta juu hadi miguu ya mbele iguse chini kwa shida ni ukatili unaojifanya ufundi. Kamba ilegee. Kilebu atembee kushotoni kwako, akitroti kwa mwendo ulio sawa, na wewe utembee bila kukimbia. Mwamuzi atawaomba mwende mbele na kurudi, au mzunguke pembetatu, ili aione miguu ya nyuma, ubavu na kifua. Tena, mtuze anaposimama kuliko anapokaa. Kilebu aliyezoea kulipwa kwa kukaa atakaa mbele ya mwamuzi, akidhani anafanya adabu.

Uwanja wenyewe una kelele, harufu na mbwa wengine wengi. Uingereza kuna madarasa maalumu ya klabu ambako vilebu huzoeshwa hayo yote, na kwa kawaida mbwa wa huko hawaanzi kushindana kabla ya miezi 6. Kwetu, East Africa Kennel Club huandaa maonyesho jijini Nairobi. Nenda kwanza bila mbwa, utazame meza inavyotumika na waongozaji wenye uzoefu wanavyosimama. Wala usiudharau udogo wa mbwa wako: mwaka 2019, Papillon aitwaye Dylan kutoka Ubelgiji alishinda taji kuu la maonyesho ya mbwa ya Crufts mjini Birmingham. Udogo wa mwili haukumzuia kuwashinda mbwa wakubwa, maana kila mbwa hupimwa kwa sifa za aina yake.

Soma mwili wa kilebu wako kila siku. Akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo, akigeuza kichwa au akifyata mkia, amekwambia basi. Rudi hatua moja nyuma bila kumkaripia. Akifikisha umri wa mbwa mzima na bado anaogopa kuguswa, mwache nyumbani aishi kwa raha, kwa kuwa utepe wa ushindi ni furaha ya mwenye mbwa na hofu ni mzigo wa mbwa. Usimwandikishe kwa sababu ametimiza miezi 6. Mwandikishe siku utakapomwona amesimama mezani, mgeni akimgusa, naye anatikisa mkia.