Fahamu: Ufundi Doha si chaguo la walioshindwa

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki walioko Doha hutazama Education City tu, penye matawi ya vyuo vikuu vya Marekani. Lakini Februari 2024 bodi ya Texas A&M ilipiga kura kulifunga tawi lake la huko ifikapo 2028. Kwa upande wa ufundi, chuo cha Wakanada kilichofunguliwa mjini humo 2002 kiligeuzwa, mwaka 2022, kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Doha, kinachofundisha kwa vitendo, kuanzia stashahada. Wazazi watasema fundi hulipwa kiduchu. Kweli, kima cha chini cha mshahara nchini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, ila hakitofautishi ujuzi. Hivyo mwenye cheti cha ufundi cha VETA ya Tanzania au NITA ya Kenya ana cha kujadilia kabla ya kutia sahihi mkataba.