Mtoto akiuliza 'Bibi atafufuka lini?'

Alfajiri ya Pasaka, waumini wengi wa Kanisa la Moravian huamka kungali giza na kwenda kusali makaburini. Desturi hiyo ilianza mwaka 1732 katika mji wa Herrnhut, Ujerumani, ikikumbusha simulizi ya Injili kuhusu wanawake waliodamka kwenda kaburini na kulikuta wazi.

Kwa mtu mzima, ibada hiyo ni faraja. Kwa mtoto wa miaka 4 aliyempoteza bibi yake mwezi uliopita, inaweza kuwa fumbo. Ameimba na wenzake kwamba Yesu alifufuka siku ya tatu. Yeye ameshahesabu siku nyingi kuliko hizo. Mbona bibi hajatoka?

Mzazi asilichukulie swali hilo kuwa utundu au imani haba. Ni umri. Mwaka 1948, mtafiti Maria Nagy alichapisha matokeo ya utafiti wake kwa watoto wa Budapest, Hungaria, wenye miaka 3 hadi 10. Alibaini kuwa walio chini ya miaka 5 hukiona kifo kama kulala au kusafiri, yaani mtu anaweza kurudi. Tafiti za baadaye zilionyesha kuwa wengi huanza kuelewa kati ya miaka 5 na 7 kwamba aliyekufa harudi, na kwamba mwili wake hausikii tena njaa, baridi wala maumivu.

Hapo ndipo lugha ya msibani inapoweza kumchanganya mtoto. Akiambiwa bibi "amelala", huenda akaogopa kufumba macho usiku. Akiambiwa "amesafiri", atamsubiri mlangoni. Akiambiwa "Mungu amempenda zaidi", anaweza kuogopa kupendwa na Mungu.

Hata wanafunzi wa Yesu walichanganyikiwa. Katika Yohana sura ya 11, Yesu aliwaambia kuwa Lazaro amelala. Wao, watu wazima, wakadhani ni usingizi wa kawaida, basi atapona. Ikabidi awaeleze waziwazi kwamba amekufa. Maneno ya wazi yalitangulia, faraja ikafuata.

Mzazi anaweza kufuata mpangilio huohuo. Kwanza ukweli wa mwili: "Bibi amekufa. Moyo wake umeacha kupiga, hapumui na haumwi tena. Hatarudi nyumbani." Kisha tumaini: "Sisi tunaamini kuwa Mungu atawafufua waliokufa. Hatujui siku, lakini tunamngoja." Akichanganya mawili hayo katika sentensi moja, mtoto mdogo atashika lile la kurudi tu.

Ni vyema pia kumweleza kuwa ufufuo ambao Wakristo wanautazamia haufanani na kurudi kwa Lazaro, ambaye alirejea katika maisha yaleyale. Katika 1 Wakorintho 15, Paulo anatumia mfano wa mbegu: kinachofukiwa ardhini sicho hasa kinachochipua. Mtoto aliyepanda mahindi au maharage kwenye kopo anauelewa mfano huo haraka.

Tumaini halifuti machozi. Yesu alimlilia Lazaro ingawa alijua anakwenda kumfufua. Kwa hiyo kumwambia mtoto "usilie, bibi yuko mbinguni" ni kumnyima kitu ambacho Yesu mwenyewe hakujinyima. Mzazi naye akilia mbele ya mwanawe, na kumwambia kwa nini analia, anamfundisha kuwa huzuni na imani vinakaa nyumba moja.

Watoto huomboleza kwa vipande: dakika hii analia, dakika inayofuata anacheza mpira. Wengine hurudia kukojoa kitandani au hung'ang'ania nguo ya mama. Wengine hujilaumu kimyakimya, wakidhani bibi alikufa kwa sababu walimkasirisha. Waambiwe wazi kwamba si kosa lao. Hali hiyo ikidumu kwa miezi, mtoto akikataa kula, kulala au kwenda shule, apelekwe kituo cha afya.

Naye ataliuliza tena swali lake, pengine mara kumi. Tomaso naye aliuliza, na hakufukuzwa. Mjibu kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Kwa mtoto, uvumilivu wako utakuwa sehemu ya jibu.